Balkoni Haina Kompansasio

Swali ni lilelile kila mwaka wa masomo unapofunguliwa Goma, na anayeliuliza huwa ameshajipangia jibu: "Asistanti, muhula wa kwanza wa L1 nichukue masomo mangapi? Na Analizi, naweza kuisogeza hadi mwakani?"

Hakuna cha kuchukua. Video za wanafunzi wa Marekani wanaochagua masomo, kukwepa vipindi vya Ijumaa na kumtafuta profesa mpole, zinahusu vyuo vya kwao. Katika vyuo vyetu, ULPGL, ISTA au UNIGOM, kitivo ndicho kinachopanga. Ratiba hubandikwa kwenye valve (ubao wa matangazo), siku hizi na kwenye kundi la WhatsApp la promosheni, na kuanzia hapo darasa zima linasoma somo moja katika ukumbi mmoja. Mwanafunzi wa L1, yaani mwaka wa kwanza, haulizwi anapenda nini.

Nusu ya pili ya swali ndiyo inayochosha. Hakuna mwalimu wa hisabati mjini ambaye hajaisikia, na nyuma yake kuna imani iliyoenea kuliko silabusi yenyewe: kwamba mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktorati) umefuta hatari ya Analizi. Ukipata 7 kati ya 20 humo, kompansasio itakubeba.

Imani hiyo ina mzizi. Chini ya graduat ya zamani, aliyeanguka aliweza kulazimika kudubla (kurudia) mwaka mzima, pamoja na masomo aliyoyashinda vizuri. LMD, iliyoenezwa vyuoni Kongo kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, ilileta krediti zinazohifadhiwa: ulichoshinda umeshakishinda, hukirudii. Ikaleta pia kompansasio. Masomo mawili yenye uzito sawa yakiwa katika kitengo kimoja, Analizi 7 na Aljebra 13, wastani ni 10 na kitengo kimepita. Ni hesabu halali kabisa, na ndiyo inayowalaza watu. Kuna kanuni zinazoweka mipaka ya huruma hiyo, ila anayeeneza habari ya kompansasio ni nadra kuwa amezisoma.

Tuseme basi kompansasio imekubali: karatasi ya alama ni safi na mwenye 7 yuko L2 ya ujenzi. Huko anakutana na boriti.

Boriti hiyo ina urefu wa mita 2, imeegemea nguzo huku na huku, inabeba kilonyutoni 10 kwa kila mita. Momenti kubwa kabisa ya kupinda iko katikati: mzigo wa kila mita, mara urefu, mara urefu tena, gawanya kwa 8. Jibu ni kilonyutoni-mita 5. Hiyo 8 haikushuka kutoka mbinguni. Hutokana na kuufanyia mzigo integrali mara mbili, kazi ya Analizi mwanzo hadi mwisho. Sasa ondoa nguzo moja na uishike boriti ileile ukutani kwa upande mmoja tu. Imekuwa balkoni. Kigawanyo si 8 tena, ni 2, na momenti imefika 20, mara nne ya ile ya kwanza. Tena imehamia ukutani, na upande unaovutwa sasa ni wa juu. Nondo kuu zilizolala chini kwenye boriti ya kwanza, hapa lazima zilale juu. Aliyekariri 8 bila kujua ilikotoka atakadiria robo ya nguvu inayotakiwa, kisha atapanga nondo upande usiofaa, na zege haliulizi kama Aljebra ilikuwa 13. Goma ni mji uliotikiswa na matetemeko kwa siku kadhaa baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, hata majengo yakapasuka. Si mahali pa kujaribia kanuni za kukariri.

Wanafunzi wa umeme wasicheke. Kondensa inayochajiwa kupitia rezista hufika takriban asilimia 63 ya volteji ya chanzo baada ya muda unaopatikana kwa kuzidisha rezistansi na kapasitansi. Asiyeweza kutatua mlinganyo wenye derivati atainakili hiyo 63 kama namba ya simu, kisha atapotea siku mwalimu atakapobadilisha saketi kidogo tu. Anayeota kazi kwenye kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kule Rutshuru, ajue kwamba jenereta nazo huelezwa kwa milinganyo ya namna hiyo.

Kuna dawa nyingine inayouzwa kwenye vibanda vya fotokopi: mitihani ya miaka iliyopita, pamoja na majibu. Wanaoinunua wametoka kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambako swali huja na majibu kadhaa na kazi ni kuchagua moja. L1 inadai njia, mstari kwa mstari. Mitihani ya zamani inafaa kwa mazoezi. Kukariri majibu yake ni kupoteza hela ya fotokopi.

Kinachobaki mkononi mwa mwanafunzi ni saa, na hizo zinahesabika. Krediti moja ni saa 25 za kazi. Muhula ni krediti 30, yaani saa 750. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 50 kwa wiki. Ukumbini hupita kama 15 katika kila 25, zilizobaki ni za mwanafunzi mwenyewe. Saa 300 kwa muhula, ambazo hakuna valve inayozitangaza! Hizo ndizo ratiba ya kupanga.

Tena hazipangiki kama Dar es Salaam au Nairobi, ambako somo hukaa siku na saa yake kila wiki hadi mwisho wa muhula. Goma, masomo mengi huja kwa mkupuo. Profesa mgeni anaingia, saa 45 za ukumbini zinamalizwa katika siku sita au saba, mtihani unafuata upesi, naye ameondoka. Waasi wa M23 walipouchukua mji mwishoni mwa Januari 2025 na uwanja wa ndege kufungwa, anayetoka Kinshasa alipoteza safari ya moja kwa moja, na ratiba iliyobandikwa Jumatatu inaweza kubadilika Jumatano. Anayengoja Analizi ianze ndipo afungue daftari ameshachelewa, kwa sababu somo la wiki moja halimpi mtu muda wa kuelewa limiti na kuizoea integrali.

Basi ifanyike hivi. Omba sekretarieti ya kitivo programu ya mihula yote miwili siku ya kwanza, pamoja na kanuni za mitihani, uzisome. Weka saa mbili kila siku kwa Analizi na Mekanika, hata wiki inayofundishwa Kiingereza, na uzihamishie mchana umeme ukisumbua usiku. Watu wanne wanatosha kwa kundi la kujisomea. Wakifika kumi ni maongezi. Asistanti hubaki mjini profesa akiondoka, mpelekee zoezi lililokwama likiwa limeandikwa, usimpelekee malalamiko. Uliyetoka seksheni ya biashara au pedagojia, maliza trigonometria na derivati kabla ya chuo kufunguliwa. Uliyetoka ufundi umeme, mkono wako unajua waya, hesabu bado. Mchoro wa kihandisi ufanye uleule usiku uliopewa, hauwezi kukaririwa.

Na unayedaiwa Analizi tayari, uliza itafundishwa tena wiki gani kabla hujajiandikisha L2. Kwa kawaida hutolewa mara moja kwa mwaka, na wiki yake inaweza kugongana na somo la L2 ambalo nalo halitarudiwa hadi mwaka mwingine.