Matumizi ya Neno "O'clock"

Huko Kipkelion, mji wa reli ulioitwa Lumbwa zamani, karani awaitaye wakulima mkutanoni kwa barua ya Kiingereza hana budi kulijua vema neno "o'clock". Neno hili ni ufupisho wa "of the clock", yaani kwa hesabu ya saa. Kile kialama cha juu chaonyesha kuwa herufi zimeachwa. Hutumika kwa saa kamili tu: "7 o'clock" ni sahihi, bali "7.30 o'clock" ni kosa.

Tena Waingereza huhesabu saa tangu usiku wa manane na adhuhuri. Waswahili, tangu macheo na machweo. Basi saa moja asubuhi ni "7 o'clock". Karani akiandika "1 o'clock", mkulima atafika saa saba mchana, na kura zimekwisha kupigwa bila yeye.