Nani anashika mizani?

Huku Kamatanda, Likasi, kazi za machimbo zimegawanywa zamani: baba anashuka shimoni, mama anaosha mawe na kuyachagua. Ukiuliza sababu, utaambiwa shimo linataka nguvu, tena mwanamke akikaribia, mawe yanakimbia. Haya, nguvu. Kusimama ndani ya maji toka asubuhi, umeinama, mtoto mgongoni, hiyo ni kazi nyepesi? Na mizani je? Kupima mfuko na kuandika kilo hakuombi misuli, lakini hapo pia tunakuta wanaume tu. Basi si nguvu. Mama anawekwa mbali na pale bei inapokatwa.

Wenzetu wakulima, tusiwacheke wachimbaji. Shambani mama anapanda, anapalilia, anapukuchua mahindi. Siku ya kuuza, baba ndiye anahesabu, na karti ya koperativi ina jina lake yeye.

Sheria haikupanga hivyo. Tangu tarehe 15 Julai 2016, Sheria ya Familia haimlazimishi tena mama peke yake kuomba ruhusa. Bwana na bibi wanapatana wote wawili. Na sheria ya koperativi ya OHADA, ambamo Kongo iliingia 2012, inasema: mshiriki mmoja, kura moja. Lakini mshiriki ni yule aliyeandikwa, hata kama aliyepalilia ni mwingine.

Kabla ya mavuno, tunaomba kila koperativi iandikishe mama kwa jina lake, na kwenye mizani wakae wawili, mama na baba, kila mmoja na daftari yake. Jioni daftari zilinganishwe mbele ya watu wote. Asiyejua kusoma mizani aanze kufundishwa wiki hii, mifuko ingali mitupu.