Kuweka Toleo Jipya la Programu ya Kuhariri Matini: Chanzo cha Makosa Yanayofuata

Makala haya yanafafanua tatizo linalowakabili wanaisimu wanaohifadhi data zao katika kompyuta. Tuchukue mfano wa mtafiti wa Kinyiramba (F.31 katika uainishaji wa Guthrie) aliyeko Misigiri, inapoanzia barabara ya kwenda Kiomboi. Ameweka toleo jipya la Emacs. Programu ndogo aliyojiandikia ya kupanga vidahizo na toni zake ikakataa kufanya kazi.

Aghalabu data hazina dosari. Programu hiyo ina mafaili mawili: chanzo (.el), kilichoandikwa na mtu, na tafsiri yake (.elc), iliyotolewa na kompaila. Kwa kawaida Emacs huchagua .elc, hata kama chanzo ni kipya zaidi. Hivyo toleo jipya husoma tafsiri ya zamani. Inafaa kufuta .elc za programu hiyo, kutafsiri chanzo upya, kisha kuipa load-prefer-newer thamani ya t. Kufuta folda nzima, pamoja na vidahizo, ndiko kunakoleta hasara ya kweli.

Kosa linalotaja libgccjit ni la aina nyingine. Tangu toleo la 28 (2022), Emacs yaweza kutafsiri chanzo hadi lugha ya mashine yenyewe, lakini huhitaji maktaba hiyo pamoja na vipande vya GCC vinavyolingana nayo. Vikikosekana, tafsiri hiyo hushindikana, ingawa .elc huendelea kutumika na mtafiti akaendelea kuhariri.