Tinariwen walipozima magitaa ya umeme

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinipa simu yake nisikilize Tassili, albamu ya bendi ya Tinariwen, kisha akaniuliza: "Ami, mbona hapa wamepoa?" Alikuwa amezoea albamu zao za mwanzo. Swali lake si baya, kwani bendi ya roki ikiacha umeme watu hudhani imezeeka.

Tinariwen ni Watuareg wa Sahara, Waislamu kama sisi. Kiongozi wao, Ibrahim Ag Alhabib, gitaa lake la kwanza alijiundia kwa mkebe, fimbo na waya wa breki ya baisikeli. Bendi ilianzia Tamanrasset, Algeria, mwaka 1979, miongoni mwa vijana waliokimbia kwao Mali. Dunia iliwajua kwa magitaa ya umeme, mawili au matatu yakisukana.

Kwa Tassili, iliyotoka mwaka 2011, wakageuza. Walipiga hema jangwani kusini mwa Algeria, karibu na Djanet, wakarekodi kwa magitaa makavu. Sikiliza tofauti. Gitaa la umeme noti yake huning'inia hewani. La kavu noti hufa upesi, basi kidole gumba hakina budi kurudia uzi wa chini, tena na tena, pasibaki pengo. Makofi na ngoma ya kibuyu, vilivyokuwa vimefunikwa, vinasogea mbele. Hata pumzi za waimbaji utazisikia. Sisi tuliolelewa na udi wa taarab hatupati taabu hapo. Udi nao noti yake haikawii kufa.

Albamu ikapata tuzo ya Grammy Februari 2012. Mwaka haujaisha, makundi yenye silaha yalikuwa yameshateka kaskazini mwa Mali na kupiga muziki marufuku, tena kwa jina la dini yetu. Hilo bado laniuma. Mwanabendi Abdallah Ag Lamida alikamatwa akijaribu kuokoa magitaa yake, baadaye akaachiliwa.

Ndiyo maana Emmaar, ya mwaka 2014, ilirekodiwa Joshua Tree, California. Umeme ukarudi, na fidla ya Kimarekani ikaingia. Nikamwambia yule kijana: Tassili walibadilika kwa kupenda, Emmaar walikuwa wanaazima jangwa la watu.

Amatssou ya mwaka 2023 ina banjo ndani yake, lakini walirudi kuirekodi Djanet, hemani.