Kwa nini ni vigumu kumng'oa mbunge aliyekaa muda mrefu?

Rais wa Tanzania ana ukomo wa vipindi viwili. Mbunge hana. George Mkuchika alichaguliwa Newala mwaka 2005, akachaguliwa tena 2010, 2015 na 2020.

Je, mkazi wa Chilangala akitaka kumpinga mbunge aliyepo, aanzie wapi?

Aanzie kwenye chama. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea awe raia mwenye miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama cha siasa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, iliamua kuwa kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki zake, lakini Katiba haijabadilishwa.

Kwa hiyo pambano la kwanza ni kura za maoni. Wanaopiga ni wanachama, na mbunge aliyepo anafahamiana nao kwa miaka mingi. Hata ukiongoza, vikao vya juu vya chama ndivyo vinavyoteua.

Njia nyingine ni kupitia upinzani. Mwaka 2015 Cecil Mwambe wa CHADEMA alishinda Ndanda, wilayani Masasi. Mwaka 2020 akahamia CCM.

Mpiga kura ajifunze nini hapa? Pale chama kimoja kinapokuwa na nguvu, mbunge hupatikana mapema, ndani ya chama. Ukingoja siku ya uchaguzi mkuu ndipo uulize habari za maji na bei ya korosho, umechelewa.