Shaba Ipitayo Tunduma na Harara ya Kompyuta

Asimamaye kando ya barabara kuu pale Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde ya Zambia, hakosi kuona foleni ya malori, na miongoni mwayo yamo yaliyobeba mabamba ya shaba kutoka migodi ya Zambia na Kongo, yakielekea bandari ya Dar es Salaam. Na kuisafirisha shaba ya Zambia kulikuwa ndiyo sababu kubwa ya kujengwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Walakini ni wachache watambuao ya kuwa madini hayo hayo hupatikana ndani ya kompyuta nyingi za mezani, mfano wa zile zitumiwazo na mawakala wa forodha na wenye maduka ya steshenari, na kwamba kazi yake humo ni kuinusuru mashine na harara yake yenyewe.

Prosesa, ambayo ndiyo ifanyayo hesabu zote, yaweza kula umeme wa wati 65 au zaidi, na takriban wote hugeuka joto katika eneo dogo mno. Juu yake huketi hitisinki, pande la alumini lenye mapezi membamba, mara nyingine likiwa na kiini cha shaba, kwani shaba hupitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko alumini; ama chuma, hakifikii robo ya shaba. Feni hupuliza hewa baina ya mapezi, nalo joto likaondoka.

Lakini nyuso hizo mbili za madini, wa prosesa na wa hitisinki, zijapoonekana laini, zina vishimo vilivyojaa hewa, na hewa ni mpitishaji dhaifu wa joto. Kwa hiyo hupakwa pesti ya kuvijaza. Miaka ikipita pesti hukauka, na vumbi la kiangazi likaziba mapezi, hata mashine, ikikaribia nyuzi 100, hujipunguzia kasi, kisha hujizima. Hapo mwenyewe huambiwa imekufa. Rai yangu ni kwamba asinunue nyingine kabla hii haijafunguliwa.

Kuiondoa hitisinki ndiko kutakako subira. Iwashe mashine kwa dakika chache ili pesti ilainike, halafu izime, chomoa waya wa umeme, gusa bodi la chuma la kompyuta ili umeme tuli ukutoke mwilini, ndipo uchomoe waya wa feni. Hitisinki nyingi za Intel hushikwa na pini nne za plastiki, ambazo kila moja huzungushwa kufuata mshale wake, kisha huvutwa juu. Katika prosesa za AMD za soketi AM4 hatari ni kubwa zaidi, maana miguu yake myembamba imo chini ya prosesa yenyewe, si katika soketi, na fundi mwenye pupa akivuta kwa nguvu huing'oa pamoja na hitisinki, miguu ikapinda; basi afungue kibano, aizungushe hitisinki kidogo kidogo kushoto na kulia mpaka ilegee, ndipo ainyanyue.

Futa pesti kuukuu kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, piga brashi mapezi, kisha weka katikati ya prosesa pesti mpya kadiri ya punje ya njegere, wala usizidishe, kwa kuwa pesti yenyewe haiifikii shaba kwa kupitisha joto. Pini za Intel zirudishwe kwanza kinyume cha mshale, halafu zibanwe kwa mshazari, na miguu yake ichunguliwe upande wa nyuma wa ubao mkuu wa kompyuta kama imepenya sawasawa. Usisahau waya wa feni, na usijaribu kuwasha mashine bila hitisinki, hata kwa nukta chache.

Ukiisha kuiwasha, ingia katika baiosi, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine, uangalie joto: likipanda mfululizo kuelekea nyuzi 80 ilhali mashine haina kazi, hitisinki haikukaa vema; basi zima, futa pesti yote, na upake nyingine upya, kwani iliyokwisha kubanwa haitumiwi mara ya pili.