Mwenyeji ni Nani?

Neno “mwenyeji” lina kazi mbili: ni mkaaji wa mahali, tena ni yule ampokeaye mgeni. Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa mashindano ya kandanda ya CHAN, sisi wa Kimulot tulikuwa wenyeji tusiomwona mgeni. Harambee Stars walicheza Kasarani, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Muuza chapati wa huko alikuwa na la kutarajia. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Kwake safari ya Nairobi ni siku mbili bila ujira, ilhali kodi ya sabuni huilipa sawasawa na mkaaji wa Kasarani. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 nchi hizo zililiomba kwa jina la “Pamoja”, zikapewa. Wakuu wa michezo watueleze basi: katika “pamoja” hiyo, viwanja vya shule za Kimulot vimetengewa nini?